Mama Eunike na Diski ya Pili

Kwa heshima na taadhima, wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba kiti cha chumba cha kompyuta, kile chenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, kitakuwa wazi kuanzia Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Aliyekikalia, Mama Eunike Lyatuu, anastaafu baada ya kuutumikia ushirika wetu wa maziwa hapa Marangu kwa miaka thelathini na mmoja.

Aliajiriwa kama mpiga taipu. Kompyuta zilipofika, meneja wa wakati huo aliwaomba wasioogopa umeme wasimame. Yeye alikuwa bado hajakaa. Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada na kwa kuharibu vitu siku za Jumamosi.

Lakini tunamkumbuka zaidi kwa Desemba 2021. Utaratibu wetu unamtaka mfugaji atume picha ya kila ndama anayemsajili. Desemba ukoo mzima umerudi nyumbani kwa Krismasi, kwa hiyo ndama hapigwi picha peke yake: yuko na babu, shangazi wa Dar es Salaam na wajukuu kumi na wawili ndani ya suti. Tarehe 23, diski ya seva ilifika asilimia tisini na tisa. Ikijaa kabisa, mapokezi hayaandiki vipimo, na maziwa yasiyopimwa hayapokelewi. Lita elfu mbili za kesho yake zingemwagwa.

Meneja wetu, Bwana Aristides Tesha, aliagiza picha zifutwe. Mama Eunike alimjibu kwa upole kwamba afute yeye, halafu Jumapili asimame kanisani awaeleze wenyewe. Bwana Aristides akaagiza diski mpya kutoka Moshi mjini.

Ilifika asubuhi, foleni ya madumu imeshafika barabarani. Mama Eunike aliichomeka bila kuzima seva, akaiunga na ile ya zamani zihesabike kama moja, huku Monica wa mapokezi akiendelea kupima. Akatazama: tisini na tisa vilevile. Bwana Aristides akauliza kama tumeuziwa feki. Mama Eunike akanywa chai kwanza. Ndipo akamweleza kwamba kihamba cha jirani, shamba lake la migomba, kimeshanunuliwa, ila masale, ile mimea ya mpakani, hayajang'olewa. Akaandika amri moja zaidi, ya kutanua mfumo wa mafaili hadi kwenye diski mpya, na namba ikashuka hadi arobaini na tisa. Haikumwagwa hata lita moja.

Asante sana, Mama. Tunakuombea afya, mapumziko ya kweli, na ng'ombe wasiohitaji kupigwa picha.

Hadi leo asubuhi, diski zote mbili zimejaa asilimia tisini na sita.