Ufunguo wa Tanner

Bernadine alikuwa amefumba macho kwenye basi la mjini Toledo, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele yake, mzee aitwaye Lyle alikuwa akimweleza abiria asiyemjua, fundi mwenye grisi kwenye kucha, jinsi atakavyong'oa injini na giaboksi za pikapu ya mwanawe Tanner, azipachike kwenye gari lake kuukuu, Chevelle ya mwaka sabini.

“Pikapu iligongwa ubavuni,” Lyle alisema. “Mbele haina hata mkwaruzo.”

Fundi akauliza: propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ataipunguza urefu? Ataipunguza. Vishikizo vya injini? Ameshavichomelea. Bernadine akawaza kwamba wanaume hawa wangefika mwisho wa njia bila kuulizana huyo Tanner yuko wapi.

“Ufunguo unao? Injini za siku hizi haziwaki bila funguo zake.”

“Sina,” Lyle alisema. “Tulimzika nao. Mama yake alimtilia mfukoni. Tangu anunue ile pikapu hakuwahi kutoka bila huo ufunguo.”

“Pole sana, mzee wangu.” Fundi akakuna shingo. “Ila hilo dogo. Kuna jamaa anachomeka kompyuta, anaufuta ule ufunguo. Injini inausahau kabisa, inamwakia yeyote.”

“Hakuna njia nyingine?”

“Nyingine ni kuufuata huko ulikozikwa. Huwezi kuifanya.”

“Mimi sijasema siwezi.”

Basi likasimama, mlango ukafunguka, baridi ikaingia. Lyle ndiye aliyekuwa amebonyeza kengele, lakini hakuinuka.