Obokano Ndani ya Basi la Kisumu

Nilikaa nyuma yao. Nishant, kijana wa duka la vitambaa Kisii, alikuwa amemvisha Mzee Obwocha spika za masikioni za walkman yake. "Hawa wanamuziki wa roki wamezeeka, mzee, na bado wanapiga gitaa polepole, nzito, mpaka kifua kinatetemeka."

Mzee alikumbatia obokano, kinanda chake cha nyuzi, kikubwa kama mbuzi. "Wanajaribu," alipaza sauti, kama wafanyavyo wenye spika masikioni. "Lakini sauti yao bado ni nyepesi kuliko ya obokano."

"Nyepesi? Niliwaona Uingereza. Ukumbi ulikuwa nusu tupu, wakapiga mpaka mwisho."

Mzee aligusa nyuzi za obokano. "Mimi leo napiga Nyakoe mara ya mwisho, kisha naacha. Vijana wanataka disko."

"Kwani mimi ni mzee?" Nishant aliuliza.

Basi lilisimama Nyakoe. Nishant, mwenye tiketi ya Kisumu, alibeba obokano akashuka. Mzee alimfuata, spika bado masikioni.