Bibi Magreti Akae Wapi

Kijiwe chetu pale Kimamba kilikuwa ubavuni mwa stesheni, ambako ukuta wa duka la ushirika ulitupa kivuli asubuhi yote. Benchi lenyewe lilikuwa taruma la reli lililokataliwa, gogo lililopakwa lami, limelazwa juu ya mawe mawili, na ukikaa na suruali nyepesi unaondoka na lami. Upande mmoja Mzee Mwinshehe ameweka jiko na birika lake la kahawa. Upande wa pili mimi nimeweka pampu na viraka vyangu vya baiskeli. Katikati wanakaa wasemaji. Petro tulimwita Redio, kwa sababu hakuwa na redio ila habari zote alikuwa nazo. Cleopa tulimwita Mheshimiwa. Aliwahi kugombea ubalozi wa nyumba kumi, akashindwa, lakini kuhutubia hakuacha. Wa tatu ni Theodory, tukimwita Mizani kwa kuwa kazi yake shambani ilikuwa kupima robota za katani. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na Ijumaa ile ya mwaka sabini na tano alikuja na vigoda vinne kavifunga kwa kamba, akaviweka miguuni, akaagiza kahawa.

Wote tulijua ana nini. Kikundi kikubwa cha maigizo ya nyimbo kilikuwa kimeshuka kwa gari moshi jana yake kutoka Dar es Salaam: waimbaji, wachezaji, ngoma, matarumbeta, na masanduku ya nguo yaliyojaza behewa zima. Walikuwa wamelala madarasani pale shule ya msingi, ng'ambo ya reli. Jumamosi alasiri wangeonyesha mchezo wao wa watu wanaohamia kijiji kipya, ndani ya ghala la katani, maana Kimamba haikuwa na nyumba nyingine ya kuwatosha. Safu ya mbele ni ya viongozi wa Chama. Zinafuata benchi za shule, za wazee. Wengine wote waje na vigoda vyao. Mchana ule ghala lingefunguliwa watu wakaweke vigoda, na kwetu kigoda kikishawekwa hakisogezwi na mtu, hata awe nani.

Sasa katika waimbaji hao alikuwamo Yudith, binti wa Mizani. Na bibi yake Yudith, mama mkwe wa Mizani, alikuwa ameteremshwa kutoka milimani kuja kumwona mjukuu wake. Bibi Magreti alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshazima, la pili lilikuwa linaelekea kuzima, na mganga wa zahanati alishasema mwaka ujao huenda asione kitu. Kwa hiyo kigoda cha bibi ndicho kilichokuwa shida, wala si vile vitatu vingine.

Redio: Mizani, mbona unahangaika? Bibi ni mzee, mweke kwenye benchi za wazee, yaishe.

Mizani: Benchi za wazee ziko nyuma ya viongozi. Viongozi wanavaa kofia.

Redio: Basi mbele kabisa, chini, kwenye mkeka.

Mizani: Kwenye mkeka nani atamshika? Mke wangu Selestina ana mtoto mgongoni. Anayebaki ni mimi. Na mimi ni mkwe wake.

Hapo Mzee Mwinshehe, ambaye ni mtu wa bondeni, akaacha kupepea jiko.

Mzee Mwinshehe: Nyie watu wa milimani mna mambo. Kwani ukikaa karibu na mama mkwe wako kuna nini?

Mizani: Mzee, kwetu mkwe hutazamani naye. Nikikutana naye njiani naingia majanini, anapita. Nikikaa naye safu moja, ni aibu. Nikikaa nyuma yake, nitakuwa namtazama kisogo mchana kutwa, aibu. Nikikaa mbele yake, nimempa mgongo, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Mheshimiwa: Ndugu zangu, suala hili linataka mpango. Mimi napendekeza ghala ligawanywe. Akina mama kushoto, akina baba kulia, kama kanisani. Mizani anakaa kulia, mkwe kushoto, mambo safi.

Mimi: Na akina Mzee Mwinshehe ambao si wa kanisani?

Mheshimiwa: Hao watawekewa utaratibu.

Mzee Mwinshehe: Mimi sitaki utaratibu wako. Mimi nitakaa mlangoni na birika langu.

Redio: Subirini. Mnagawanya ghala hamjajua sauti. Kuna jamaa wa reli aliwaona hawa watu kule Dodoma. Ana habari kamili. Wana matarumbeta kumi na mawili, na yakilia kwa pamoja, anayekaa safu ya tatu kurudi mbele anakaa siku mbili hasikii. Bibi haoni, unataka asisikie pia?

Mizani: Unatia chumvi.

Redio: Mimi naeleza nilivyosikia. Tena wachezaji wao wanakanyaga kwa nguvu. Ghala lile lina vumbi la katani toka enzi za Mgiriki mwenye shamba. Watakapoanza kukanyaga, safu tano za mbele zote zitakuwa ukungu mtupu.

Mheshimiwa: Vumbi halitakuwapo, kwa sababu wana mashine ya mvua.

Redio: Mvua gani?

Mheshimiwa: Mvua ndugu yangu, mvua ya kweli. Mchezo ni wa kijiji kipya, kijiji kinalima, na mahindi hayawezi kuota bila mvua. Inateremshwa kutoka juu ya paa kwa mpira. Pale Morogoro waliokaa mbele walirudi nyumbani wamelowa, na wakafurahi.

Mimi nilikuwa na tairi la baiskeli mkononi, nikaliweka chini. Ghala lile nalifahamu. Hata bomba la kunawia mikono halina. Lakini kumkatiza Mheshimiwa ni kujitafutia hotuba nyingine, kwa hiyo nikaagiza kikombe kingine na kipande cha kashata.

Redio: Kama wana mvua, basi na lile la gari moshi ni kweli.

Mizani: Gari moshi lipi tena?

Redio: Mnadhani kwa nini wameacha Kilosa yenye ukumbi wakaja Kimamba kwenye ghala? Reli za toroli, bwana. Zile za kubebea katani zinaingia mpaka ndani ya ghala. Watu wa mchezo wanahamia kijijini kwa gari moshi, basi gari moshi litaingia kweli, na moshi wake, kupitia mlango wa nyuma, mpaka katikati ya watu. Atakayeweka kigoda juu ya reli, shauri yake.

Mheshimiwa: Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Umesema vizuri bila kujua. Bibi tumpakie kwenye toroli.

Mizani: Toroli la katani?

Mheshimiwa: Tunalitandika mkeka na mto. Vijana wawili wanalisukuma taratibu. Mjukuu akija mbele, bibi naye anasogezwa mbele. Mjukuu akirudi nyuma, bibi anarudishwa. Hana safu, kwa hiyo mkwe wake hawezi kuwa naye safu moja. Si nyuma, si mbele. Mila imeheshimiwa, na macho yameona.

Redio: Na gari moshi likiingia?

Mheshimiwa: Litasubiri. Kwani hata hapa stesheni halisubiri?

Tulicheka sana, hata Mzee Mwinshehe akamwaga kahawa majivuni. Mizani hakucheka. Alikuwa anaifungua na kuifunga ile kamba ya vigoda. Nilimtazama nikaona haya, maana mimi nilijua lililomkaa rohoni, na wenzangu walijua pia. Yudith alipomaliza shule alichaguliwa kusomea uuguzi. Akakataa, akasema anaenda kuimba. Mizani akamwambia mbele ya watu kwamba mcheza ngoma hatalala nyumbani kwake. Aliyempeleka binti yule stesheni, akamkatia tiketi, akasimama mpaka behewa la mwisho likapotea, alikuwa Bibi Magreti, wakati ule akiona vizuri. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Mizani sasa alikuwa anamtafutia bibi yule mahali pa kukaa na hakutaka pawe pabaya.

Saa hizo kulikuwa na mama mmoja msafiri, anasubiri gari la kwenda Dodoma. Viti vya stesheni vilikuwa vimejaa, akaja na mkeka wake uliokunjwa akaomba kukaa mwisho wa taruma letu. Akamwamkia Mzee Mwinshehe shikamoo, akaitikiwa marahaba, akanunua kahawa kama mwanamume yeyote. Tuliendelea, Redio akisisitiza matarumbeta na Mheshimiwa akisisitiza toroli. Mama yule alisikiliza mpaka kikombe kikaisha.

Msafiri: Samahani, akina baba. Mimi mgeni, mila za hapa sizijui. Huyo bibi anaona kwa jicho lipi?

Mizani: La kulia. Na si mbali.

Msafiri: Na huyo mjukuu atasimama upande gani wa jukwaa?

Tangu jua linachomoza tulikuwa tumegawa ghala, tumenyesha mvua, tumeleta gari moshi, na hakuna aliyejua binti wenyewe atasimama wapi.

Redio: Waimbaji wazuri huwa wanawekwa katikati.

Msafiri: Huwa wanawekwa, au yeye atawekwa?

Redio: Hilo sina habari nalo.

Sikuwa nimewahi kumsikia Redio akisema maneno hayo.

Msafiri: Mzazi wake yuko wapi, aulizwe?

Mizani: Mzazi wake ni mimi.

Msafiri: Ah. Basi hajakwambia, baba?

Mizani: Hatujaongea.

Msafiri: Tangu wafike?

Mizani: Tangu aondoke. Miaka mitatu.

Mama yule hakumsema. Alirudisha kikombe kwa Mzee Mwinshehe, akasema ahsante, akaweka mkeka wake vizuri magotini. Ng'ambo ya reli, kule shuleni, walikuwa wanafanya mazoezi. Walikuwa wameimba asubuhi yote, nasi tulikuwa tumepandisha sauti juu ya zao. Sasa zilisikika vizuri, sauti nyingi za wasichana kwa pamoja, na sidhani kama Mizani aliweza kuitambua ya binti yake.

Msafiri: Ukishajua upande wake, bibi anakaa upande huo, karibu. Wewe unakwenda upande wa pili. Mkwe wako hutamwona.

Mheshimiwa: Lakini Mizani naye hatamwona vizuri binti yake. Ghala lina nguzo.

Mizani: Mimi nitakaa popote. Bibi ndiye aliyemsindikiza.

Akasimama. Akaviacha vigoda pale chini, akajifuta lami kwenye suruali, ingawa lami haifutiki. Akatazama shuleni, akakaa tena.

Mizani: Nikifika nitamwambia nini?

Swali hilo alimwuliza yule mama, si sisi. Redio akataka kujibu, na Mzee Mwinshehe akamnyooshea kipepeo cha jiko usoni akatulia.

Msafiri: Mwulize atasimama upande gani.

Mizani: Hilo tu?

Msafiri: Si ndilo unalotaka kujua?

Mizani akaondoka kweli safari hii. Hakupita kwenye kivuko. Alikata palepale, akivuka reli moja baada ya nyingine, mtu mzima anayepima robota za watu, na mpaka anaingia uwanja wa shule tulimwona anachezesha midomo kama mtoto aliyetumwa dukani, analirudia swali lisimpotee: utasimama upande gani, mwanangu, utasimama upande gani.