Bawa Ambalo Halikuiva: Maisha ya Liberatus Adrian Kihwele

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Liberatus Adrian Kihwele alizaliwa hapa Kalenga tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa Mzee Adrian na Mama Benedicta, akamaliza shule ya msingi mwaka 1983, kisha akaenda Mafinga kujifunza useremala, ambako alizoea kugonga ubao kwa kidole na kujua kama umekauka.

Mwaka 1994 alihamia Soweto, Mbeya, akawa fundi wa bampa za magari, akizijenga upya kwa faiba, yaani vitambaa vya nyuzi za kioo vinavyopakwa gundi hadi vigande na kuwa vigumu, na tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Faustina, wakajaliwa watoto wawili, Gloria na Jofrey.

Mwaka 2019 alianza kujenga ndege ya mtu mmoja uani kwake, majirani wakidhani ni tangi la maji, na Faustina kila alipouliza ya nini, aliambiwa asubiri aone. Mabawa yote mawili aliyatandika faiba Julai 2023, na kwa kuwa gundi ile hugoma kuiva, yaani kukauka hadi ndani, kwenye baridi, na baridi ya Mbeya mnaijua, aliyawekea majiko ya mkaa kwa mbali na kuyafunika mablanketi ya kitandani, mke akalala na khanga, akinuna na huku akicheka.

Ugonjwa wa ini ulimwanza Februari 2025, akalazwa Mbeya, na jioni ya tarehe 2 Juni alimshika Faustina mkono, akamwambia kwamba bawa moja halikuiva, ndege isirushwe, usingizi ukampitia kabla hajasema ni lipi, na alfajiri akafariki.

Rafiki yake Sifaeli, ambaye ni rubani, aliahidi kuirusha siku ya kuanua matanga ili kumuenzi, akayagonga mabawa, akayakagua, hakuona kasoro, akashikilia kwamba maneno ya mgonjwa mahututi yasichukuliwe kwa uzito, na shemeji yetu Faustina akachanganyikiwa, maana kuiruhusu ni kuchezea roho ya mtu, na kuizuia ni kuizika kazi ya mumewe pamoja naye. Juzi Alhamisi alisema liwalo na liwe, akashika msumeno, akayakata yote mawili akitafuta palipobaki pabichi, na ndani kote palikuwa pakavu, pagumu, pazuri. Labda marehemu alikosea, labda homa ilisema, labda alituogopea tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Soweto, mafundi wenzake, na Sifaeli, ambaye amekasirika lakini amekuja na kubeba jeneza.

Liberatus, pumzika kwa amani, mkeo amebaki hajui kama alikutii au alikukosea.