Kijiti Kilikuwa Mkobani

Wapendwa, naomba nisimame hapa hapa chini, nisipande kule mbele. Nimeandika maneno yangu kwenye karatasi kwa sababu najifahamu. Nikisema bila karatasi nitazunguka, nitajitetea, na nitarudi kukaa bila kusema nilichokuja kusema.

Wengi mnanikumbuka. Mwaka jana nilisimamishwa humu humu kanisani kama kijana aliyemwokoa fundi wake kutoka kwenye umeme. Mlinipigia makofi, na mama mmoja akanivisha kitenge. Leo nimekuja kuwaeleza siku ile ilivyokuwa. Jina la fundi silitaji. Wanaomjua wanamjua.

Mimi ni mtoto wa Bunda, wazazi wangu wanalima pamba. Nilisomea umeme chuoni, nikamaliza, nikarudi nyumbani na cheti kwenye bahasha. Mwaka mzima niliomba kazi. Nilikuwa nikishatuma barua, naisoma tena nakala yake kutwa nzima, natafuta kosa ambalo siwezi tena kulirekebisha. Nilikuwaga hivyo tangu utoto. Mama yangu anasemaga mimi naweza kuiwaza chai mpaka ikapoa.

Ndipo fundi mmoja wa hapa Musoma, mtu wa Butiama, akakubali kufanya kazi na mimi. Yeye hakupita chuo, kazi aliijulia mikononi. Hakuniuliza cheti. Aliniita Injinia, mwanzoni kwa heshima, baadaye kwa utani.

Ndugu zangu, nawaambia kidogo habari za kazi yetu ili mnielewe. Nyuma ya kila swichi na kila soketi ukutani kuna boksi dogo, halizidi kiganja. Ndani yake waya zimejazana. Ukitaka kuongeza soketi, lazima uzivute, uzitenganishe, uzikunje, kisha uzirudishe. Mafundi wengi hutumia vidole, au plaizi na bisibisi za chuma. Chuoni tulifundishwa kuzima kwanza, kupima pili, na hata baada ya hapo kuzishika waya kwa kitu kisichopitisha umeme, kwa sababu aliyezima anaweza kuwa amekosea.

Basi mimi nilikuwa na kijiti changu. Nilikikata mwenyewe kutoka kwenye ubao wa plastiki wa kukatia nyama, nikakisugua kwa msasa mpaka kikawa laini. Upande mmoja kilikuwa na ndoano ya kuvutia waya, upande mwingine kilikuwa na panda ya kuisukumia. Nilikuwa na plaizi pia, yenye mpini mnene wa plastiki usio na ufa. Fundi alikuwa na plaizi yake ya miaka mingi. Mpini wake ulikuwa umeshaisha, ameuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, na tyubu yenyewe ilikuwa imeanza kuachia.

Kijiti changu alikiita mswaki. Tukiwa kazini mbele ya wenye nyumba, ananiangalia ninavyopima mara tatu, ananiuliza, "Injinia, unasuguaga meno ya ukuta?" Watu wanacheka. Siku nyingine anawaambia wateja wakalale, waje wiki ijayo, Injinia atakuwa amemaliza boksi la kwanza. Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyokuwa akiongea na kila mtu, hata na mke wake. Lakini mimi neno moja la utani nalibeba wiki nzima. Nalichambua, natafuta alimaanisha nini, natunga majibu ambayo sitayatoa. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na kitu rohoni dhidi ya mtu aliyenipa kazi, na yeye hakujua.

Siku yenyewe tulikuwa Nyakato ya hapa Musoma, kwenye nyumba ya mama mmoja anayeuza samaki wakavu. Alitaka soketi chumba cha nyuma. Tulipofika, uniti za mita ya luku zilikuwa zimeisha tangu asubuhi, nyumba nzima haina umeme. Fundi akafurahi. Niliuliza kama nikazime meni swichi ya nyumba nzima.

"Uniti zimeisha," akasema. "Umeme utoke wapi, ziwani?"

Wapendwa, mimi nilijua jibu. Nililijua vizuri kuliko yeye. Luku iliyoisha haijazimwa, inasubiri tu mtu aingize namba. Meni swichi ilikuwa upande wa pili wa nyumba, hatua ishirini hivi. Ningeweza kutembea nikaizima bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini juma lile nilikuwa nimechekwa mara mbili, nikasema moyoni, sawa, wewe ndiye unayejua. Nikanyamaza.

Kama ningeishia kunyamaza, labda ningekuwa nimeshajisamehe. Sikuishia hapo.

Boksi la chumba kile lilikuwa na waya nyingi zilizochomekwa ovyo na fundi aliyetutangulia. Fundi wangu alipanda juu ya kigoda, akahangaika na vidole vyake vinene, vikawa haviingii. Mkono wa kushoto akashika nondo za dirisha ili asiyumbe. Akanyoosha mkono wa kulia kwangu bila kugeuka, akasema, "Injinia, hebu nipe huo mswaki wako."

Miezi mitatu nilikuwa nangoja aniombe. Kijiti kilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa miguuni pangu. Nikamwambia, "Leo sikuja nacho, Fundi. Nimekiacha nyumbani."

Nilitaka ahangaike kidogo. Hicho tu ndicho nilichotaka. Nimejiuliza mara nyingi kama kulikuwa na kitu kibaya zaidi ndani yangu, na kila nikitafuta nakuta hicho hicho kidogo, na udogo wake ndio unaoniumiza.

Akachukua plaizi yake ya tyubu, akaiingiza kwenye boksi.

Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka kununua umeme dukani. Alirudi kwa mlango wa mbele. Hakutuona, wala hakujua kwamba tumeshaanza kazi, na ninawaomba mtu yeyote asimlaumu. Akaingiza namba sebuleni. Nilisikia redio yake ikiwaka, kisha sauti yake yenye furaha: "Haya, umeme huo."

Fundi hakupiga kelele. Ndugu zangu, mtu aliyeshikwa na umeme huwa hapigi kelele, na ndiyo maana mnaweza kuwa chumba kimoja naye msijue. Nilimwona shingo imekakamaa na mkono umeifumbata plaizi. Niliwaza kukimbilia meni swichi, nikaziwaza zile hatua ishirini. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwaza mara mbili. Nilipiga magoti, nikafungua mkoba, nikatoa kile kijiti nilichosema nimekiacha nyumbani, nikaikamata ile waya kwa ndoano nikaivuta mpaka ikachomoka kwenye plaizi. Akaanguka. Mama akaja mbio, akanikuta nimesimama nimekishika. Alichokiona ni kijana, kijiti na mtu aliyeokolewa. Hivyo ndivyo alivyowasimulia watu, na hivyo ndivyo habari ilivyofika hapa kanisani.

Hospitali walipambana na mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikatwa. Kidole gumba kimebaki lakini hakikunji. Plaizi hawezi kuishika tena.

Yeye mwenyewe hakukumbuka vizuri mambo ya dakika zile. Kila aliyekuja kumwona wodini alimwambia kwamba asingekuwa Injinia, angekuwa kaburini. Mkewe aliniletea sato wawili wakubwa. Nikawapeleka kwa jirani, nikashindwa hata kuangalia wakiparuliwa. Kisha ikaja Jumapili ile ya makofi. Niliandika ujumbe wa kukiri kwenye simu mara kumi na moja nikaufuta. Mara nyingine ulikuwa mrefu mno, mara nyingine ulikuwa unatafuta kuhurumiwa. Niliacha kazi, nikaacha kula vizuri, nikarudi Bunda kwa mama nikasema naumwa. Mama aliniacha siku nne. Siku ya tano alinikuta nimekaa nyuma ya ghala, akaniambia, "Huumwi wewe. Kuna mtu umemkosea." Hakuuliza nani. Akaniambia niende nikamwambie huyo, nisimwambie yeye kwanza.

Juma hilo hilo nikaitwa Butiama. Fundi alikuwa amepelekwa kwa mama yake mzazi apumzike, na familia ilitaka kunishukuru. Walichinja kuku. Palikuwa na fundi, mama yake, mkewe na mimi. Wakanikaribisha kiti cha mgeni wa heshima na firigisi ikawekwa kwangu.

Mnajua kwetu mkono wa kushoto hauingii kwenye ugali. Mkono wa kulia wa fundi ulikuwa bado umefungwa bandeji. Basi yule bibi, mama yake, akawa anakata tonge, analikanda, analichovya kwenye mchuzi na kumlisha mwanawe. Mtu mzima mwenye watoto watatu, alikuwa anafungua mdomo huku anaangalia chini. Hakutania.

Nikaweka firigisi chini. Nikasema, "Fundi, kile kijiti kilikuwa mkobani."

"Kijiti gani?"

"Mswaki. Uliponiomba, kilikuwa mkobani."

Akaniangalia. "Ulisema umekiacha nyumbani."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Nilitaka na wewe uhangaike kidogo."

Bibi hajui Kiswahili vizuri. Akamuuliza mwanawe nimesema nini. Fundi akamweleza kwa Kizanaki, polepole, na mimi nikakaa nasikiliza dhambi yangu ikielezwa kwa lugha nisiyoijua, bila kuweza kuongeza wala kupunguza neno. Alipomaliza, bibi alinyoosha mkono kwenye sahani yangu, akaichukua ile firigisi, akamlisha mwanawe. Kisha akanisogezea bakuli la ugali, akasema kwa Kiswahili chake, "Kula ugali."

Nikala. Ndugu zangu, nilikula nikilia, na hakuna aliyenibembeleza, na ilikuwa sawa. Tulipomaliza fundi akaniambia niende.

Miezi miwili sikusikia kitu. Nilikuwa namsaidia baba shambani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa nalala usingizi, ingawa nilikuwa sijasamehewa. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kutengana. Kisha simu ikaita. Hakunisalimu. Alisema, "Jumatatu kuna nyumba Makoko. Mimi sina mkono. Njoo."

Nilifika kabla yake. Nilizima meni swichi, nikafunga mlango wa chumba chenye swichi hiyo, ufunguo nikautia mfukoni. Alipofika akauliza, "Meni umezima?"

"Nimezima."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Basi ngoja nikapime."

Akaenda akapima mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na mpaka leo anapima kila ninachosema. Sijawahi kukasirika. Mimi nashika waya kwa kijiti, yeye anasimama nyuma yangu ananielekeza, na utani umeanza kurudi, kidogo kidogo. Plaizi ya tyubu ameitupa. Vijiti nimekata vingi, na kila fundi anayepita kwetu anapewa kimoja. Wakicheka, yeye anawaonyesha mkono. Huwa hawaendelei kucheka.

Nawashukuru wauguzi waliomhudumia, na mkewe aliyeambiwa ukweli na bado ananipa chai. Namshukuru mama yangu aliyekataa kuambiwa kabla ya mwenye haki ya kuambiwa. Yule bibi wa Butiama namshukuru kwa kuninyang'anya nisichostahili na kuniachia cha kunishibisha.

Mafundi wenzangu mlio humu, luku ikiisha, zimeni meni swichi hivyo hivyo kama umeme upo. Msiingize chuma wala vidole kwenye boksi kwa kuamini neno la mtu, hata la mwenzenu, hata langu. Wenye nyumba, mkiwa na fundi ndani, msiingize namba kabla ya kumuuliza. Na wewe kijana uliyesoma, unayechekwa: mwambie anayekucheka kwamba umeumia, mwambie siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa na maumivu yangu mpaka yakatoka na kidole cha mtu.

Nilipomwomba fundi ruhusa ya kusimama hapa, alifikiri sana. Kisha akasema, "Shuhudia. Ila usiwaambie watu kwamba nimekusamehe. Siku nikiwa tayari nitasema mwenyewe."

Kwa hiyo siwaambii hivyo. Nawaambia tu kwamba kesho saa mbili asubuhi tuna kazi Bweri, na amesema nisichelewe.