Ukurasa wa Kwanza wa Daftari la Mama Majani

Ndugu, majirani, nanyi nyote mlioacha kazi zenu mkaja kutushika mkono, mama yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Majani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa mtoto wa pekee wa mama mshona nguo, aliyefariki binti yake akiwa na miaka saba tu, akamwachia hamu ya mboga moja ya porini, yenye shina jekundu, iliyoota mvua za kwanza zikinyesha, ambayo ladha yake mtoto aliikumbuka, lakini jina lake alilisahau.

Alilelewa na shangazi yake, akasoma shule ya msingi tangu 1959 hadi 1966, na tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa kuwa mpishi wa chuo cha ualimu, ambako wanafunzi walitoka kila pembe, kila mmoja na jina lake kwa majani yale yale, naye akanunua daftari la jalada gumu, akachora mboga ya mama yake kwenye ukurasa wa kwanza, akaacha nafasi ya jina, akaanza kuandika majina hayo kuanzia ukurasa wa pili.

Tarehe 9 Desemba 1974 aliolewa na baba yetu, fundi baiskeli, aliyependa kutania kwamba alioa mke akapewa na mbuzi juu, kwa kuwa kila walipotoka matembezi bibi harusi aliinama kando ya njia kuchuma, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja.

Kosa lake hatulifichi, maana mwenyewe hakulificha. Mwaka 1983, kwa kuamini jina tu, alipika sufuria nzima ya majani yenye jina ambalo kwao mama lilikuwa la mboga, kumbe kwao aliyemletea ni jina la dawa ya kusafisha tumbo, na chuo kizima, mkuu wa chuo akiwemo, kilipanga foleni ya chooni hadi jioni. Tangu hapo aliweka sharti, jina haliingii daftarini mpaka mwenye nalo achume mwenyewe, apike, aonje kwanza, ndipo naye aonje, na kwa sharti hilo, hadi anastaafu mwaka 2011, alikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili.

Moyo ulianza kumsumbua Machi 2025, akalazwa tarehe 11 Aprili, daftari likiwa chini ya mto, na alichoogopa si kufa, bali kuliacha lile pengo la ukurasa wa kwanza. Tarehe 29 Aprili dada mfagiaji wa wodi aliuona mchoro, akacheka, "Bibi, si amsha-kobe hii? Imejaa tele nyuma ya chumba cha kufulia!" na mama, ambaye hakuwa ameketi kwa siku tatu, aliketi, kwa maana jina hilo alilisikia kwa sauti ya mama yake. Daktari alikwishatuambia siku zimebaki chache, tukamsihi aandike papo hapo, akakataa katakata, sharti ni sharti.

Tarehe 2 Mei mfagiaji alileta bakuli la mboga aliyoichuma na kuipika mwenyewe, bila chumvi kwa amri ya daktari, akaonja, mama akaonja, akapiga godoro kwa kiganja, akapaza sauti, "Ndiyo yenyewe! Ndiyo yenyewe, jamani!" hata muuguzi akaja mbio na kipimo cha presha, akapewa kijiko. Kisha akaomba kalamu.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika nasi wiki nzima, wenzake wa jikoni chuoni, na dada mfagiaji, aliyeketi pale mbele, ambaye tangu leo ni wa nyumbani. Daftari liko mezani mlangoni, mwenye jina ambalo halimo aje, ila aje na majani yake na sufuria.

Amsha-kobe, mama, imeandikwa, kwa mkono wako. Pumzika kwa amani.