Fundi Deki na Sinema Zilizokwama

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Deki, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1955 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa mpiga bendera wa kituo na mkewe, mshonaji. Dada yake mkubwa, shangazi yetu aliyeketi hapo mbele, anasema marehemu alichelewa kusema, na alipoanza aliwachosha watu wa nyumba nzima kwa neno moja: "Halafu?"

Alianza darasa la kwanza Januari 1962. Vitabu vya hadithi vya shule ile vilifungiwa kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu, na wanafunzi waliruhusiwa kuvifuta vumbi tu. Marehemu alijitolea kuvifuta kila Ijumaa kwa miaka mitatu, na kila Ijumaa kazi ilimchukua mchana mzima. Mwaka 1969 babu aliumia kazini, na marehemu akaacha masomo akiwa kidato cha kwanza. Hakuwahi kulilalamikia hilo mbele yetu, ila ripoti zetu za shule alizisoma mara mbili mbili.

Mwaka 1971 alianza kujifunza kazi kwa fundi redio, na mwaka 1983 akafungua karakana yake, chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la viatu. Deki za video zilipoenea, nyingi zililetwa kwake mkanda ukiwa umekwama ndani. Akishauchomoa na kusafisha mashine, ilimbidi aijaribu. Dakika tano zingetosha, lakini yeye aliujaribu mkanda hadi mwisho. Kwa kuwa sinema hizo hakuzichagua yeye, alitazama kila aina: mapenzi, vita, mizimu, upelelezi, katuni, hata mafunzo ya kufuga nyuki. Kila moja aliiandikia mstari mmoja daftarini. Mmoja unasema: "Ya samaki wa kilindini. Nimelia, sijui kwa nini."

Alichokipenda hakukaa nacho peke yake. Alinunua mikanda mikuukuu na kuwaazima majirani, na daima alimpa mtu kile ambacho hakukiomba. Kinyozi aliyeapa kwamba yeye ni mtu wa ngumi tu alipewa sinema ya mapenzi. Aliirudisha kesho yake, akaketi kwenye benchi, kisha akauliza kama ipo nyingine ya namna ile, yenye mama mgonjwa mgonjwa hivi.

Juni 1985 aliletewa deki na msichana mpole aliyefanya kazi maktaba, fundi wa kujalidi vitabu vilivyochanika. Marehemu alikisia kwamba ndani mna mapenzi. Ukatoka mkanda wa mizimu, tena wa kutisha kweli kweli. Alipomtania, yule binti alimjibu, "Mapenzi nitayaona nyumbani kwangu, Mungu akijalia. Kwenye deki nataka kuogopa." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987. Mama alimletea vitabu vikuukuu vilivyoondolewa maktaba, na marehemu akavisoma kama alivyotazama mikanda, bila kubagua.

Walijaliwa watoto wanne. Kaka yetu mkubwa alitutoka Agosti 1999, akiwa na miaka kumi. Kwa mwaka mzima marehemu hakugusa kitabu wala kuwasha video, kwa kuhofia kukutana na mtoto anayekufa. Mama ndiye aliyemrudisha. Alianza kutangulia yeye kusoma na kutazama, kisha akamwambia, "Hiki kina usalama," au, "Hiki kiache."

Mwaka 2008 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, na kufikia 2019 macho yalikuwa yamezima kabisa. Kila siku baada ya chakula cha mchana Mama aliketi kando yake, akamsomea, akamsimulia picha kwenye runinga. Figo nazo ziliposhindwa, alilazwa hospitali tarehe 2 Novemba 2023. Alifariki Jumanne tarehe 14, saa tisa alasiri, Mama akiwa katikati ya ukurasa. Alimaliza aya ndipo akamwita muuguzi.

Lipo neno aliloniachia, mimi binti yake ninayesoma wasifu huu. Siku moja Aprili 2021 nilikuwa mlangoni mwa jikoni, wao wakitazama sinema ya mtoto aliyechukuliwa na mafuriko. Kwenye runinga nilimwona yule mtoto akizikwa. Nikamsikia Mama akisema, "Amefika nyumbani. Mama yake anamfunika shuka." Baba akajibu, "Afadhali."

Mama alipotoka, Baba aliniita. Aliniambia sinema ile aliijaribu karakanani mwaka 1991, na anajua kwamba yule mtoto hakufika. Nikamuuliza kwa nini hamwambii Mama.

"Akijua ataacha kunibadilishia," alisema. "Mwambie nikishaondoka. Mwambie zake ndizo nilizozipenda."

Mama, ndiyo hayo.

Marehemu ameacha mjane, aliyeishi naye karibu miaka thelathini na sita. Watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja. Wakwe wawili, wajukuu watano, na dada zake wawili. Ameacha pia majirani wa karakana, ambao tunawahesabu kuwa ndugu.

Mwenyezi Mungu amlaze pema, na ampe pumziko lenye amani.